Wababe wa Mnarani: Pambano Linaloamuliwa Kabla ya Kuanza

Mchezo wa kujenga jozi ya karata ni ule ambao mchezaji haanzi na karata zote atakazozitumia, bali hupewa chache zilizo hafifu, kisha hutakiwa kuongeza nyingine, kuzinoa alizo nazo na kuziondoa zisizomfaa kadiri mchezo unavyosonga mbele. Mtindo huu ulipata umaarufu kupitia Dominion, mchezo wa mezani uliobuniwa na Donald X. Vaccarino na kutolewa mwaka 2008, na ulipohamia kwenye kompyuta ulipata mfano wake mashuhuri zaidi katika Slay the Spire, kazi ya Anthony Giovannetti na Casey Yano wa kampuni ndogo ya Mega Crit ya Seattle, Marekani. Mchezo huo ulianza kuuzwa mwezi Novemba 2017 ukiwa bado unatengenezwa, ukakamilika Januari 2019, kisha ukaingia katika simu za iPhone mwaka 2020 na za Android mwaka 2021, hatua iliyouweka mikononi mwa watu ambao hawajawahi kumiliki kompyuta ya michezo.

Mchezaji huchagua mmoja kati ya wahusika wanne, ambao ni Ironclad, Silent, Defect na Watcher, na kupanda mnara wenye sehemu tatu kuu, kila sehemu ikiwa na ghorofa 15 na bosi anayesubiri mwishoni. Akifa njiani hakuna kurudi nyuma, kwa kuwa safari nzima huanza upya kwa karata zile zile hafifu za mwanzo. Katika kila zamu ya pambano mchezaji huvuta karata tano na kupewa nishati 3 za kuzilipia, na karata hizo ni za aina tatu kuu: za shambulio, ambazo humjeruhi adui, za mbinu, ambazo nyingi huleta kinga au kumdhoofisha adui, na za uwezo, ambazo zikishachezwa athari yake hudumu hadi pambano liishe. Jambo linalouweka mchezo huu kando na bahati nasibu ni kwamba kila adui huonyesha juu ya kichwa chake kitendo atakachofanya baada ya zamu ya mchezaji, na kama ni shambulio, ukubwa wa pigo huandikwa wazi kwa tarakimu.

Miongoni mwa maadui hao wapo wanaostahili kuitwa wababe, yaani maadui walio wakali kuliko wale wa kawaida ingawa hawafikii cheo cha bosi, ambao huwekwa katika vyumba vyao maalumu na kuonyeshwa kwenye ramani kwa alama ya kichwa chenye pembe. Mbabe anaweza kumaliza safari ya mchezaji katika zamu nne, na kwa sababu hiyo wanaoanza humkwepa kadiri wanavyoweza. Ukwepaji huo una gharama isiyoonekana upesi. Anayemshinda mbabe hupata dhahabu kati ya 25 na 35, wakati pambano la kawaida hutoa kati ya 10 na 20. Hupewa nafasi kubwa zaidi ya kukutana na karata adimu. Na juu ya yote hupata hirizi, kifaa ambacho hukaa na mchezaji hadi mwisho wa safari na kumpa msaada usiohitaji nishati wala nafasi mkononi. Hirizi ya Vajra humwongezea mchezaji nguvu 1 katika kila shambulio, ile ya Anchor humpa kinga ya pointi 10 mwanzoni mwa kila pambano, na ya Lantern humpa nishati 1 ya ziada katika zamu ya kwanza. Mchezaji aliyewakwepa wababe wote wa sehemu ya kwanza hufika sehemu ya pili akiwa mzima wa mwili lakini mtupu wa zana, na maadui wa sehemu ya pili hawana huruma na mtu wa namna hiyo.

Swali, basi, si kama mbabe akabiliwe au aachwe, bali ni lini na kwa maandalizi gani, na jibu lake huanza kwenye ramani, ambayo mchezaji huiona yote tangu mwanzo wa kila sehemu. Wababe hawatokei kabla ya ghorofa ya 6, na kabla ya hapo pana nafasi ya mapambano kadhaa mepesi ambayo kila moja huacha karata tatu za kuchagua. Njia nzuri ni ile inayompitisha mchezaji katika mapambano hayo kwanza, ikampa kituo cha mapumziko kabla ya mbabe au mara tu baada yake, na zaidi ya yote ikawa na njia panda karibu na chumba cha mbabe, ili mtu aliyejeruhiwa vibaya au aliyekosa karata za kumfaa aweze kugeuza mwelekeo dakika ya mwisho. Njia yenye wababe wawili isiyo na mchepuko ni ya hatari kuliko yenye watatu wanaoweza kuachwa, ingawa kwa macho ya haraka ya pili ndiyo inayotisha.

Kuna hata namna ya kuitumia ramani kwa ujanja mtupu. Mwanzoni mwa safari kiumbe aitwaye Neow hutoa baraka za kuchagua, na mojawapo huwafanya maadui wa mapambano matatu ya kwanza wawe na uhai wa pointi 1 tu. Wengi huimaliza baraka hii kwa maadui wadogo ambao wangewashinda hata bila msaada, ilhali mchezaji makini hutafuta njia inayopita kwenye maduka na vyumba vya alama ya kuuliza, ambavyo mara nyingi havina mapigano, ili pambano la tatu limkute mbabe, ambaye huanguka kwa pigo moja na kuiacha hirizi yake sakafuni.

Baada ya ramani huja uchaguzi wa karata, na hapa ndipo ushauri mmoja unaosambaa sana unapopotosha watu. Wachezaji huambiwa kwamba jozi ndogo ni bora kuliko kubwa, kwa sababu karata nzuri huja mkononi mara nyingi zaidi zikiwa chache, na kwa hiyo wanaoanza huzikataa karata kuanzia pambano la kwanza wakidhani wanajenga jozi safi. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa jozi iliyokwisha kukamilika, lakini katika ghorofa za mwanzo ni ya kuua. Ironclad huanza na karata 10: Strike tano, ambazo kila moja hupiga pointi 6, Defend nne zinazotoa kinga ya pointi 5 kila moja, na Bash moja inayogharimu nishati 2, hupiga pointi 8 na kumwacha adui wazi, yaani katika hali ambayo kila shambulio humuumiza kwa nusu ya ziada kwa zamu mbili. Jozi hiyo ni ndogo kweli, lakini ni mbovu, na ubovu wake hautibiwi kwa kuilinda isichafuke. Karibu shambulio lolote zito linaloletwa katika ghorofa tano za kwanza ni nyongeza ya thamani, hata kama litakuja kuondolewa dukani baadaye kwa dhahabu 75 au zaidi.

Mbabe anayelithibitisha hilo kuliko wote ni Gremlin Nob, jitu lenye uhai kati ya pointi 82 na 86 ambalo katika zamu ya kwanza halishambulii bali hunguruma. Mngurumo huo ndio sheria ya pambano zima, kwani kuanzia hapo kila karata ya mbinu inayochezwa humwongezea Nob nguvu 2 za kudumu, na pigo lake kubwa linaloanzia pointi 14 huzidi kupanda. Hesabu yake inafaa kufuatwa kwa makini. Karata ya Defend huzuia pointi 5 mara moja tu, lakini humwongezea Nob pointi 2 katika kila pigo litakalofuata, likiwemo lile linalozuiwa. Ikiwa yamebaki mapigo matatu kabla hajafa, mchezaji amelipa pointi 6 ili aokoe 5, na ametumia nishati ambayo ingeweza kumpunguzia adui uhai. Kinga, ambayo kwa maadui wengine ni busara, kwa Nob ni mkopo wa riba kali. Mianya iko miwili tu: karata za mbinu zinazochezwa katika zamu ya kwanza hazimchochei, kwa sababu bado hajanguruma, na katika zamu ya mwisho kinga huwa haina madhara iwapo ni hakika kwamba zamu itakayofuata atakufa.

Tuseme Ironclad anakutana naye akiwa na karata zake 10 za mwanzo tu, na Nob ana uhai wa pointi 84. Katika zamu ya kwanza Bash na Strike moja humpiga 17, kwa kuwa Strike inayomkuta adui akiwa wazi hupanda kutoka 6 hadi 9. Katika zamu ya pili Strike tatu, zikija zote, hutoa 27, na kuanzia ya tatu hali ya kuwa wazi imekwisha na Strike tatu hurudi kuwa 18. Kwa mfuatano wa kawaida wa karata pambano hudumu zamu tano hivi, na kwa kuwa Nob hushambulia kuanzia zamu ya pili, mapigo matatu ya pointi 14 hugharimu 42, zaidi ya nusu ya uhai wa Ironclad ambao ni pointi 80. Sasa jozi hiyo hiyo iongezwe karata mbili tu: Carnage, ambayo hupiga pointi 20 kwa nishati 2, na Hemokinesis, ambayo hupiga 15 kwa nishati 1 na kumgharimu mchezaji uhai wa pointi 2. Zikija pamoja katika zamu ya pili, Nob akiwa bado wazi, hupanda hadi 30 na 22, na jitu lililobakiwa na 67 hubakiwa na 15, ambazo Strike tatu za zamu ya tatu humaliza. Hasara ya mchezaji ni pigo moja la 14 na zile 2 alizojitoza mwenyewe. Karata hazitakuja kwa mpangilio huo kila mara, lakini tofauti ya 42 na 16 inaonyesha ni nini hasa kilichonunuliwa kwa kukubali karata mbili katika ghorofa za chini.

Silent ana tabu zaidi na Nob, kwa kuwa jozi yake ya mwanzo ina mbinu nyingi na uhai wake ni pointi 70, lakini anayo karata ya Neutralize, ambayo ni shambulio lisilogharimu nishati na humtia adui unyonge, hali inayopunguza mapigo yake kwa robo. Pigo la 14 huwa 10, na Nob hana sababu ya kukasirika, maana Neutralize si mbinu.

Lagavulin huuliza swali la namna nyingine kabisa. Huyu hukutwa amelala ndani ya gamba lake, akiwa na uhai wa pointi 109 hadi 111 na kinga ya 8 inayojirudisha kila zamu, na asiposumbuliwa huamka mwenyewe baada ya zamu tatu. Akijeruhiwa kabla ya hapo huamka mapema lakini hupoteza zamu akiwa ameduwaa. Akiwa macho hupiga 18 mara mbili, kisha humfyonza mchezaji nguvu 1 na wepesi 1, ambapo wepesi ni kipimo kinachoamua ukubwa wa kinga, na mzunguko huo hurudiwa hadi mmoja afe. Kila mzunguko humwacha mchezaji dhaifu kuliko uliotangulia, hivyo Lagavulin hamuui mtu kwa ghafla bali kwa ucheleweshaji. Zamu za usingizi ni zawadi kwa mwenye karata za uwezo, kwani anaweza kuzipanga zote bila kuguswa, na mwenye mashambulizi mazito anaweza kusubiri mkono mzuri kabla ya kumwamsha. Asiye na kimojawapo afadhali ageuke kwenye njia panda.

Sentries ni mashine tatu zenye uhai wa pointi 38 hadi 42 kila moja, zinazopokezana kati ya mwale wa pointi 9 na kitendo cha kuingiza karata mbili zisizochezeka katika rundo la mchezaji, karata ambazo hazidhuru ila huchukua nafasi mkononi mahali pa zile zenye manufaa. Karata kama Cleave, inayowapiga maadui wote pointi 8 kwa wakati mmoja, hupata thamani kubwa hapa. Asiye nayo aanze kuua mashine ya pembeni na si ya katikati: za pembeni huenda kwa mwendo mmoja na ya katikati kwa mwendo mwingine, hivyo ya pembeni ikifa mbili zilizobaki hupishana, wakati ya katikati ikifa zilizobaki hupiga kwa pamoja kila zamu ya pili.

Ukizitazama pamoja, changamoto hizo tatu zinavuta pande tofauti: Nob huadhibu kinga, Lagavulin huadhibu uvivu, na Sentries huadhibu jozi inayojua kumpiga adui mmoja tu. Mchezaji hajui ni nani aliyemo nyuma ya alama ya ramani, kwa hiyo hujiandaa kwa wote watatu, na akishakutana na mmoja hujua kwamba mbabe atakayefuata katika sehemu hiyo hatakuwa yule yule mara mbili mfululizo.

Maandalizi hayaishii kwenye karata. Mchezaji hubeba vichupa vya dawa visivyozidi vitatu, na kosa la kawaida ni kuvihifadhi kwa ajili ya bosi hadi vinajaa na vipya vinakosa pa kukaa, ilhali Fire Potion moja, inayopiga pointi 20, ni karibu robo ya uhai wa Nob. Dawa iliyotumika kupata hirizi imezaa matunda kwa safari yote iliyobaki. Hesabu kama hiyo inahusu kituo cha mapumziko, ambapo mchezaji huchagua kati ya kurudishiwa asilimia 30 ya uhai wake wote, ambayo kwa Ironclad ni pointi 24, na kuinoa karata moja. Bash iliyonolewa hupiga 10 badala ya 8 na kumwacha adui wazi kwa zamu tatu badala ya mbili, na katika pambano la zamu tatu au nne nyongeza hiyo mara nyingi huokoa uhai unaokaribia ule ambao usingizi ungerudisha, kisha huendelea kuokoa katika kila pambano linalofuata. Wazoefu hulala wanapolazimika tu.

Katika sehemu ya pili mambo hubadilika, kwa kuwa nguvu ya kushambulia peke yake haitoshi tena. Book of Stabbing, kitabu chenye uhai wa pointi 160 hadi 164, huchoma mara nyingi kwa zamu moja na idadi ya michomo huzidi kadiri pambano linavyorefuka, na kila mchomo unaopenya kinga humtia mchezaji karata ya jeraha isiyo na kazi. Hapo kinga iliyodharauliwa mbele ya Nob inahitajika sana, na unyonge, unaopunguza kila mchomo, huwa wa thamani maradufu. Gremlin Leader huwaita wadogo zake kila wanapopungua, na wengi huhangaika kuwafyeka wadogo hao bila kujua kwamba kiongozi akifa wote hutimua mbio. Kama jozi ina uwezo wa kumfikia haraka, afikiwe yeye.

Sehemu ya tatu ina wababe wanaopima kama jozi imepata umbo. Giant Head ana uhai wa pointi 500, tarakimu ya kukatisha tamaa, lakini kila karata inayochezwa humfanya aumizwe na mashambulizi kwa asilimia 10 zaidi hadi zamu iishe, kwa hiyo mchezaji wa karata nyingi za bei nafuu huanza na zile ndogo na kuliweka shambulio kubwa mwishoni. Ucheleweshaji hauwezekani, kwani baada ya kuhesabu zamu chache jitu hilo huanza kupiga pointi 30 na kuongeza 5 kila zamu. Nemesis, kwa upande wake, kila baada ya zamu moja hugeuka kama kivuli ambacho kila pigo humpunguzia pointi 1 tu, na kumshambulia wakati huo ni kumwaga nishati mchangani. Zamu za kivuli ni za kujikinga na kupanga, na zile za mwili ni za kupiga kwa yote yaliyopo. Reptomancer, anayekuja na majambia mawili yanayolipuka kwa pointi 25 kila moja yakiachwa yafike zamu yake ya pili, hufa pamoja na majambia yake, na jozi yenye kasi humwendea yeye moja kwa moja wakati isiyo na kasi hulazimika kuyavunja majambia kwanza.

Ipo dhana kwamba mchezaji hodari anaweza kuumaliza mnara wote bila kumgusa mbabe hata mmoja, na kwa sehemu tatu za kwanza jambo hilo linawezekana, japo ni njia ngumu isiyo na faida. Kwa anayetaka kufika sehemu ya nne, aliko adui wa mwisho wa mchezo, haliwezekani. Mlango wake hufunguliwa kwa funguo tatu: mmoja hupatikana kwa kuacha mapumziko kituoni, wa pili kwa kuiacha hirizi iliyo katika sanduku la hazina, na wa tatu, wa kijani, hushikiliwa na mbabe anayewaka moto kwenye ramani, aliyeongezewa nguvu, uhai, ugumu wa mwili au uwezo wa kujiponya. Na mlango ukishafunguka, kabla ya kumfikia adui huyo wa mwisho, wanaosimama njiani ni Spire Shield na Spire Spear, wababe wawili kwa pamoja, mmoja mbele ya mchezaji na mwingine mgongoni mwake, na njia ya kuwakwepa haipo.